Walioandika Wakiwa Kifungoni: Marafiki wa Kwanza na Haki ya Dhamiri



Nimeombwa nizungumzie maandishi ya Marafiki wa kwanza, wale waliobandikwa na wapinzani wao jina la Wakweka, yaani watetemekaji, kuhusu mateso ya kidini na mambo ya imani. Kwa wale miongoni mwenu mliotoka Vihiga, Kakamega na Bungoma, Marafiki si wageni. Wako Kaimosi tangu 1902, walipowasili Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole kutoka Marekani, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani. Hata hivyo mtu anaweza kukulia katika kanisa hilo, akasomea shule yake na kutibiwa katika hospitali yake, asiwahi kushika hata kijitabu kimoja cha waasisi wake. Vijitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza kizito cha karne ya 17, vingi vikiwa ni majibizano na watu ambao majina yao yamesahaulika. Ni vigumu kuvisoma, nami siwalaumu wasiovisoma.

Lakini humo ndani mna jambo ambalo nataka tulitoe tulitazame. Watu wale walijifunza, kwa kupigwa na kufungwa, kwamba anayeteswa ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika alilotendewa, kwa jina na tarehe, ili lisikanushwe. Ya pili ni kumtetea hata asiyekubaliana naye, kwa sababu haki anayoidai si yake peke yake. Kazi ya kwanza waliifanya kwa namna ambayo sijaona mfano wake katika historia ya dini. Ya pili waliifanya nusu, na nusu iliyobaki imewafuata mpaka huku kwetu.

Tuanze na mtu mwenyewe. George Fox alizaliwa 1624 katika kijiji cha Fenny Drayton, katikati ya Uingereza, mtoto wa mfumaji, na ujanani alijifunza kushona viatu. Alipokuwa kijana nchi yake ilikuwa vitani, mfalme upande mmoja na Bunge upande wa pili, na Januari 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa hadharani. Katika nchi iliyotikisika kiasi hicho, kila mwenye neno la kusema kuhusu Mungu alilisema, na wachapaji wa London walilichapa. Neno la Fox lilikuwa hili: Kristo mwenyewe amekuja kuwafundisha watu wake, moja kwa moja, na Nuru yake imo ndani ya kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, hata yule ambaye hajawahi kusikia jina la Yesu.

Ukilisikia hivyo ni neno laini. Sasa tazama lilivyowafikisha watu mahakamani. Kama Nuru imo ndani ya kila mtu, hakuna haja ya kasisi wa kulipwa. Basi Marafiki walikataa kutoa zaka. Zaka ilikuwa sheria ya nchi, na aliyekataa alikamatiwa mali. Kama mtu husema kweli siku zote, kiapo hakina kazi, na tena Yesu amekikataza katika sura ya tano ya Mathayo. Basi walikataa kuapa. Kama watu wote ni sawa mbele ya Mungu, kofia huvuliwa wakati wa kumwomba yeye tu. Basi walisimama na kofia zao mbele ya mabwana na majaji. Mambo matatu, na kila moja lilikuwa na gereza lake.

Kilichowaponza zaidi ni kiapo. Hakimu aliyemkamata Rafiki akakosa ushahidi wa kumtia hatiani hakuwa na haja ya kuhangaika. Alimtaka aape kwamba ni mtiifu kwa mfalme. Rafiki angejibu kwa moyo mweupe kwamba utiifu anao, ila kuapa haapi. Kesi ikaishia hapo. Ndivyo alivyofanyiwa Margaret Fell, mjane wa jaji Thomas Fell, mwenye nyumba ya Swarthmoor kaskazini mwa nchi, ambayo ilikuwa kama makao makuu ya harakati nzima. Mwaka 1664 alisimamishwa mahakamani Lancaster, akakataa kuapa, akahukumiwa kunyang'anywa mali zake na kufungwa kwa muda wote ambao ungempendeza mfalme. Alikaa gerezani hadi 1668. Akiwa humo alitoa kijitabu, kilichochapwa 1666, cha kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Hoja zake ni za Maandiko tupu: waliotangulia kufika kaburini siku ya Ufufuko walikuwa wanawake, na mitume waliipata habari kutoka kwao, Prisila alimfundisha Apolo, Hulda alitoa unabii na mfalme akamsikiliza. Mwanamke aliyenyang'anywa shamba na uhuru wake angeweza kuandika malalamiko. Yeye alitumia wino wake kuwafungulia wenzake mdomo, na hadi leo sijui hoja ya kuwanyamazisha wanawake kanisani ambayo Margaret Fell hakuijibu.

Sheria ziliongezeka juu ya sheria. Januari 1661 kikundi kidogo cha watu wenye silaha, kikiongozwa na Thomas Venner, kiliasi mjini London kwa madai ya kumletea Kristo ufalme. Marafiki hawakuhusika hata kidogo, lakini maelfu yao walikamatwa ndani ya majuma machache. Ndipo watu 12, Fox na Richard Hubberthorne wakiwamo, walipotia saini tamko kwa Mfalme Charles wa Pili kwamba Marafiki hawatapigana kwa silaha za mwili, si kwa ajili ya ufalme wa Kristo wala kwa falme za dunia. Tamko hilo ndilo mzizi wa msimamo wao wa amani, na vyema tukumbuke kwamba liliandikwa katikati ya msako. Halikuwazuia watawala. Mwaka 1662 ilipitishwa sheria iliyowataja kwa jina. Mwaka 1664 ikafuata nyingine: watu watano kukutana kwa ibada nje ya Kanisa la nchi, ukiacha wenye nyumba, ikawa ni kosa, na aliyerudia mara ya tatu aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka saba. Sheria ya 1670 iliongeza uovu wa namna yake, kwani theluthi moja ya faini alipewa mchongezi. Fikirieni kijiji ambamo jirani yako anaweza kujipatia kipato kwa kukuchongea kwamba umesali.

Hubberthorne alifia katika gereza la Newgate mwaka 1662. Edward Burrough, kijana mwenye kalamu kali kuliko wote, alifia humo humo mwanzoni mwa 1663. Francis Howgill alifia kifungoni Appleby mwaka 1669. William Dewsbury alitumia karibu miaka 19 ya maisha yake katika gereza la Warwick. Mamia wengine walikufa kwa homa za magereza yale, ambayo baadhi yake yalikuwa mashimo ya kinyesi. Fox mwenyewe alitiwa mwaka 1656 katika shimo la Launceston ambalo uchafu wake haukuwa umetolewa kwa miaka mingi.

Sasa nifike kwenye kazi ile ya kwanza. Tangu mapema Marafiki walianza kuandika orodha. Kila kikao cha mahali kilitakiwa kupeleka London taarifa ya walioteswa: jina la mtu, kijiji chake, tarehe, jina la kasisi aliyedai zaka au la hakimu aliyetoa amri, kiasi kilichodaiwa, kitu kilichochukuliwa na thamani yake. Hapo ndipo unapokutana na ng'ombe wa maziwa, kitanda, sufuria, sahani, miganda ya ngano iliyotolewa shambani. Na unaona jambo ambalo malalamiko ya jumla yasingekuonyesha, yaani kwamba kwa deni la shilingi chache watu walichukuliwa mali ya pauni kadhaa. Karani wao, Ellis Hookes, alizinakili taarifa hizo katika madaftari makubwa mpaka alipofariki 1681, na wengine wakaendelea. Mkusanyo huo, unaoitwa Kitabu Kikuu cha Mateso, una majuzuu 44 ya mkono, na yamehifadhiwa katika maktaba ya Marafiki mjini London. Mwaka 1753 Joseph Besse alitoa muhtasari wake kwa chapa, majuzuu mawili makubwa.

Nimesoma sehemu ya kazi ya Besse. Inachosha, nami nasema hivyo kwa heshima. Ukurasa baada ya ukurasa ni fulani wa mahali fulani, kwa kukataa zaka, alichukuliwa hiki. Hakuna ufasaha wala machozi. Karani hamwiti kasisi mwizi. Anaandika tu kilichochukuliwa na kiasi kilichodaiwa, kisha anaendelea na jina linalofuata. Na huyo anayefuata anaweza kuwa mtumishi wa ndani au mjane asiye na chochote ila sufuria. Katika vitabu vingi vya mashahidi wa dini, wanaotajwa ni maaskofu na watawa mashuhuri. Hapa mjane ana mstari wake sawa na bwana shamba. Naamini hiyo ni theolojia iliyoandikwa kwa mfumo wa hesabu: kama Nuru imo ndani ya kila mtu, basi na sufuria ya kila mtu ihesabiwe.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1670 kulikuwa na chombo rasmi London cha kazi hiyo, Kikao cha Mateso, ambacho kiliwatumia wanasheria na kuwaona wabunge, huku orodha zikiwa mkononi. Orodha hizo zilisomwa na watu waliokuwa na uwezo wa kutenda. Mwaka 1659, hata kabla ya chombo hicho, wanawake zaidi ya 7,000 walikuwa wametia majina yao katika ombi kwa Bunge dhidi ya zaka, wakipangwa wilaya kwa wilaya. Wanawake 7,000, katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haki ya kupiga kura.

Tuvuke bahari. Mwezi Julai 1656 wanawake wawili, Mary Fisher na Ann Austin, walishuka Boston. Fisher aliwahi kuwa mtumishi wa ndani huko Selby, Yorkshire. Alifungwa York, na mwaka 1653 alichapwa viboko Cambridge. Wenye mji wa Boston hawakungoja waseme neno. Walinyang'anywa vitabu vyao, vipatavyo 100, vikachomwa moto sokoni. Walivuliwa nguo wakachunguzwa miili kutafutwa alama za uchawi. Dirisha la chumba chao gerezani lilizibwa kwa mbao ili asije mpita njia akazungumza nao. Mzee mmoja wa mji, Nicholas Upshall, alimlipa mlinzi kila juma ili wapate chakula. Baada ya kama majuma matano walirudishwa melini. Hapakuwa bado na sheria yoyote inayowakataza kufika. Sheria ilitungwa Oktoba, walipokwisha kuondoka, ikiweka faini ya pauni 100 kwa nahodha atakayeleta Mkweka na pauni 5 kwa atakayekutwa na kitabu chao.

Jambo la kuuma ni kwamba waliozitunga sheria hizo walikuwa ni wakimbizi wa dini, au watoto wao. Walikimbia Uingereza kwa sababu maaskofu waliwabana. Walivuka bahari wakajenga mji ambamo wangeweza kumwabudu Mungu wapendavyo, na kisha wakauziba kwa mbao, kama dirisha lile. Baadaye walikata masikio ya Marafiki watatu, na 1658 wakapitisha hukumu ya kifo kwa atakayefukuzwa akarudi. William Robinson na Marmaduke Stephenson walinyongwa Oktoba 27, 1659. Mary Dyer aliwekwa kamba shingoni siku ile ile, akashuhudia wenzake wakifa, kisha akaambiwa amesamehewa. Aliondoka. Akarudi mwaka uliofuata, naye akanyongwa Juni 1, 1660. Barua zake kwa mahakama, alizoziandika gerezani, hazimwombei yeye uhai. Zinawaomba majaji waifute sheria, kwa ajili ya nafsi zao wenyewe. William Leddra alikuwa wa mwisho, Machi 1661. Mwaka huo George Bishop alichapa kitabu kilichokusanya ushahidi wa mambo yote hayo, Burrough akaonana na mfalme, na amri ya kusimamisha mauaji ikatoka. Aliyekabidhiwa barua ya mfalme aifikishe Boston alikuwa Samuel Shattuck, Rafiki wa Salem ambaye Boston ilimfukuza kwa tishio la kifo. Gavana alilazimika kumpokea akiwa na barua hiyo mkononi.

Na Mary Fisher? Baada ya Boston alitaka kumwona Sultani wa Waturuki. Mwaka 1658 alifika kambini Edirne, sehemu ya safari akiwa ameikata kwa miguu, na Sultani Mehmed wa Nne, aliyekuwa bado kijana wa miaka 16 hivi, alimpokea kwa heshima anayopewa mjumbe wa nchi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza maswali, akataka kumpa walinzi wa kumsindikiza, naye akakataa kwa adabu. Fisher aliandika baadaye kwamba aliwaona watu wale kuwa karibu zaidi na kweli kuliko mataifa mengi. Kwetu sisi wa mwambao na wa bara, tunaoishi msikiti na kanisa vikitazamana, hiyo ni barua ya kusomwa shuleni. Mwanamke aliyevuliwa nguo na Wakristo wenzake alikaribishwa na Mwislamu aliyejua wazi kwamba amekuja kumhubiria. Miaka 20 na kitu baadaye kulikuwa na Marafiki waliotekwa baharini wakawa watumwa Algiers. Waliruhusiwa kukutana kwa ibada, na Fox aliwaandikia nyaraka za kuwatia moyo.

Hapo ndipo kazi ya pili inapoanza. Vijitabu vya mwanzo kabisa vya Marafiki mara nyingi vilisema: msitutese, kwa sababu sisi tuna kweli na ninyi mmepotea. Hoja hiyo ina kasoro kubwa, kwani kila mtesaji anaamini kwamba ana kweli. Hoja bora iliandikwa na watu wasiokuwa Wakweka kabisa. Desemba 27, 1657, katika kijiji cha Flushing, ambacho leo ni sehemu ya jiji la New York na wakati huo kilikuwa chini ya Waholanzi, wanaume 30 walitia saini barua kwa Gavana Peter Stuyvesant, aliyekataza watu kuwapokea Wakweka majumbani. Walikataa kutii. Walisema upendo na amani vinawahusu Wayahudi, Waturuki na Wamisri pia, na kwamba hawatamfungia mlango yeyote ajaye kwa nia njema. Hakuna aliyekuwa akiitetea dini yake mwenyewe. Kadhaa walikamatwa. Jirani yao Roger Williams wa Rhode Island alikwenda mbali zaidi kwa namna yake: aliyachukia mafundisho ya Fox, akajadiliana na Marafiki hadharani mwaka 1672 akiwa mzee, akaandika kitabu kizima cha kuwapinga, na katika koloni lake hakuna Rafiki aliyeguswa kwa ajili ya imani yake.

Marafiki waliijifunza hoja hiyo, na aliyeijifunza vizuri kupita wote ni William Penn. Agosti 1670 askari walifunga jumba la ibada la Mtaa wa Gracechurch, London, naye akahubiri barabarani. Alishtakiwa pamoja na William Mead kwa kufanya ghasia. Kesi ilisikilizwa Old Bailey mwanzoni mwa Septemba, na taarifa yake iliyochapwa mwaka ule ule inasomeka mpaka leo kwa msisimko. Walipoingia mahakamani kofia zao zilikuwa zimevuliwa na askari mlangoni. Hakimu akaamuru wavishwe tena. Walipokwisha kuvishwa, akawauliza kwa nini hawavui kofia mbele ya mahakama, akawatoza faini. Penn aliuliza wameshtakiwa kwa sheria ipi. Hakujibiwa, alisukumwa kwenye kizimba cha pembeni. Raia 12 wa baraza la kuamua kesi wakatoka, wakarudi na uamuzi kwamba Penn ana hatia ya kusema katika Mtaa wa Gracechurch. Ni hayo tu, hawakusema ghasia. Wakafungiwa usiku, bila chakula, maji, moto wala tumbaku, mpaka wabadilishe. Walibadilisha kweli: walisema hana hatia. Wakatozwa faini kila mmoja, na Edward Bushel pamoja na wenzake watatu walikataa kulipa wakabaki gerezani, mpaka Jaji Mkuu Vaughan alipoamua kwamba raia wa baraza hawaadhibiwi kwa uamuzi wao. Kanuni hiyo imeenea katika nchi zote zinazofuata sheria za Kiingereza na zenye mabaraza ya aina hiyo. Bushel na wenzake hawakuwa Wakweka. Waliona tu kwamba kuhubiri si ghasia, wakakubali kulala njaa kuliko kusema uongo kumhusu mtu wa imani nyingine.

Mwaka huo huo Penn aliandika kitabu chake juu ya uhuru wa dhamiri, akiwa Newgate. Hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu, ni kwamba kumlazimisha mtu katika imani ni kunyakua cheo cha Mungu, ambaye peke yake ndiye bwana wa dhamiri. Tena ni kazi bure, kwa sababu adhabu huzaa wanafiki, haizai waumini. Robert Barclay wa Scotland, katika kitabu chake kikuu kilichotoka kwa Kilatini 1676 na kwa Kiingereza 1678, aliiweka hoja hiyo kuwa fundisho rasmi la Marafiki: serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, madhali hawadhuru wenzake. Sheria ya uvumilivu ilipopita Uingereza 1689, hoja hizo zilikuwa zimekwisha kurudiwa kwa chapa kwa miaka 20.

Sasa niseme lisilopendeza. Jamii iliyoandika kila sufuria iliyonyang'anywa ilikuwa na watu ambao haikuwaandika. Fox alifika Barbados 1671, akawashauri Marafiki wenye mashamba wawatendee watumwa wao kwa upole na wawafundishe neno la Mungu, kisha barua ikapelekwa kwa gavana kumhakikishia kwamba hawawafundishi watumwa kuasi. Penn, mtetezi wa dhamiri, alimiliki watumwa Pennsylvania. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown waliandika hati ya kuuliza inawezekanaje watu waliokimbia mateso wawanunue watu wengine. Vikao vya juu vilipokezana hati hiyo, kisha vikaiweka kando. Marafiki wa Philadelphia walifika 1776 kabla ya kuwatenga rasmi wenye watumwa. Wakati Marafiki wa Uingereza walipoanzisha kituo chao Pemba, katika shamba la Banani, mwaka ule ule wa 1897 ambapo utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba, hati ya Germantown ilikuwa na umri wa miaka 209.

Na ndani ya harakati yenyewe kulikuwa na James Nayler, mhubiri ambaye watu wengi walimwona sawa na Fox. Oktoba 1656 aliingia Bristol juu ya farasi, wafuasi wakiimba mbele yake kama siku ya Matawi. Bunge zima lilimshtaki kwa kufuru; kura 96 kwa 82 zilimwokoa na kifo, akachapwa viboko 310, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto, akapigwa chapa usoni. Kabla ya hapo Fox alimtembelea gerezani Exeter, na Nayler alipotaka kumbusu kwa upatanisho, Fox alimpa mguu. Walipatana baadaye, 1660, miezi michache kabla Nayler hajafariki kutokana na kuvamiwa njiani. Kuanzia 1673 kulikuwa na kikao London cha kupitia maandishi yote ya Marafiki kabla ya kuchapwa, na mengine hayakupita. Hata kitabu cha maisha ya Fox, kilichotoka 1694, kilihaririwa na Thomas Ellwood akaondoa yaliyoonekana kuaibisha. Naelewa sababu: walikuwa wamezungukwa na maadui. Lakini watu waliodai uhuru wa kuchapa neno walianza kumpima kila ndugu kabla hajasema, na sidhani tunawatendea haki tukilificha hilo.

Ndugu zangu, Kaimosi nako kuna historia hiyo. Mwaka 1927 uamsho wa Roho Mtakatifu ulizuka kati ya Marafiki wa Kaimosi. Watu walitubu hadharani, walilia, walitetemeka. Walifanya, kwa kweli, kile ambacho kiliwapa Marafiki wa kwanza jina lao la kejeli. Viongozi wa misheni na wazee wa kanisa waliukataza. Waumini waliendelea, wakafukuzwa, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho yanayoonekana leo barabarani siku ya Jumapili kwa kanzu zao na msalaba mwekundu. Najua wazee wa 1927 waliogopa machafuko, na pengine hofu yao haikuwa ya bure. Lakini hakimu wa Derby aliyemwita Fox Mkweka mwaka 1650 naye aliogopa machafuko. Hukumu yangu ni kwamba walikosea, na walikosea kwa kipimo cha maandishi ya waasisi wao wenyewe.

Kwa hiyo nina ombi moja, na nalitoa kwa Marafiki na kwa watu wa makanisa ya Roho kwa pamoja. Madaftari ya vikao vya miaka ile, popote yalipo, yatolewe masandukuni yanakiliwe kabla mchwa hawajayamaliza. Waliofukuzwa wameacha watoto na wajukuu. Waulizwe, na majibu yao yaandikwe, kwa Kilogooli, kwa Kitiriki, kwa Kiswahili, kama Ellis Hookes alivyoandika: nani, wa kijiji gani, lini, alifukuzwa na nani, alipoteza nini. Yaandikwe na majina ya waliofukuza, bila matusi. Na Marafiki wawe wa kwanza kushika kalamu, kwa kuwa safari hii wao ndio waliokuwa na mamlaka.